Jina la Mkopaji Husafishwa kwa Kulipa

Mkoa wa Njombe ni mkoa wa watu wasioogopa jembe. Baridi ya alfajiri haiwazuii kuingia mashambani, na ardhi yao huwalipa kwa viazi, mahindi, chai, parachichi na miti ya mbao. Makambako, mji ulioko kwenye njia panda ya barabara kuu iendayo Mbeya na ile ishukayo Njombe hadi Songea, na wenye stesheni ya reli ya TAZARA, ndio mlango ambao sehemu kubwa ya jasho hilo hupitia kwenda katika masoko ya nchi. Watu wa namna hii wanahitaji mikopo. Mbolea hununuliwa kabla ya mvua, ilhali mavuno huja miezi kadhaa baadaye. Mche wa parachichi hupandwa leo, na mkulima hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kuona matunda ya kuuza. Katikati ya kupanda na kuvuna ndipo mkopo unapokuwa na kazi yake ya haki.

Hata hivyo, wapo wananchi ambao wakifika benki huambiwa kwamba majina yao yana kasoro katika kumbukumbu za wakopaji. Wakirudi mtaani hukutana na washauri wengi. Mmoja husema deni la simu halihesabiwi. Mwingine husema benki ikifungwa na deni limekufa. Wa tatu anamjua mtu wa mjini ambaye kwa ada ndogo hulifuta jina. Mazungumzo haya yanahusu ushauri huo wa vijiweni, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni uongo, na uongo huo umekwisha kuwagharimu wananchi wanyonge mali walizozipata kwa taabu.

Kwanza ni lazima ieleweke kumbukumbu hizo ni kitu gani. Zamani mkopeshaji aliyetaka kumjua mkopaji alimwuliza balozi wa nyumba kumi, na hata leo wakopeshaji wengi hudai barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Lakini mtendaji hawezi kujua madeni ambayo mtu ameyaacha Dar es Salaam au Mbeya. Kwa sababu hiyo, chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 na kanuni zilizotolewa mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha kanzidata ya taarifa za wakopaji. Mabenki hupeleka humo habari za mikopo waliyoitoa. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, zikiwamo Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzichambua habari hizo na kumpa mkopeshaji taarifa ya mwombaji. Taarifa hiyo huonyesha mikopo ambayo mtu amechukua, kiasi alicholipa, kiasi kilichobaki, na kama alilipa kwa wakati au alichelewa. Aliyelipa vizuri ameandikwa humo, na aliyeshindwa ameandikwa humo. Hiyo siyo hukumu ya mahakama wala orodha ya wahalifu. Ni kumbukumbu, na mwenye kuamua kukopesha au kukataa ni mkopeshaji mwenyewe.

Mtu akikwisha kuelewa hivyo, dhana potofu zinaanza kuanguka moja baada ya nyingine.

Dhana ya kwanza ni kwamba deni dogo la simu si deni. Mikopo ya simu ilianza kuenea nchini tangu mwaka 2014, Vodacom na benki ya CBA zilipoanzisha M-Pawa, na tangu mwanzo huo nyuma ya simu palikuwa na benki. Ufikiriwe mfano wa kijana wa Makambako aliyekopa shilingi 40,000 kwa simu, akarejesha 25,000, kisha akaona 15,000 iliyosalia ni kitu cha kusahau. Miaka miwili baadaye anaomba shilingi 3,000,000 za mbolea na mbegu bora za viazi. Afisa mikopo anafungua taarifa na kukuta deni ambalo halijafungwa. Hapo hapimi ukubwa wa shilingi 15,000. Anapima ahadi iliyovunjwa. Kijana amekosa milioni tatu kwa ajili ya fedha ambayo angeipata kwa kibarua cha siku chache.

Wengine hudhani kwamba kutupa laini ya simu na kununua nyingine ni dawa. Lakini siku hizi laini husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, na benki humtambua mteja wake kwa kitambulisho hicho hicho. Mwenye kutupa laini ametupa laini tu. Deni limebaki kwa mwenye kidole. Vivyo hivyo kwa anayehama kutoka benki moja kwenda nyingine, au kutoka Njombe kwenda Songea. Kumbukumbu haikai katika tawi. Imewekwa Taifa zima.

Dhana ya pili wananchi wa Njombe wanaijua kwa karibu zaidi kuliko wengine. Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Wenye akiba walihuzunika, na walikuwa na haki ya kuhuzunika, kwa kuwa kinga ya Bodi ya Bima ya Amana wakati huo ilikuwa na ukomo wa shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Lakini palikuwa pia na fikra ya upande wa pili: kwamba benki ikifungwa, aliyekopa amepona. Fikra hiyo ni kinyume cha sheria na kinyume cha ujirani mwema. Benki inapofungwa, mikopo iliyotolewa hubaki kuwa mali yake, na mfilisi, ambaye katika shauri hili alikuwa Bodi ya Bima ya Amana, ana wajibu wa kuikusanya. Fedha inayokusanywa ndiyo inayotazamiwa na mwenye akiba ambaye amana yake ilizidi kinga ya bima. Kwa hiyo mkopaji anayejificha kwa kisingizio kwamba benki imekufa hajaikimbia benki. Amemkimbia mwalimu, muuza viazi na mjane wa mtaa wake, ambao akiba zao ndizo alizokopeshwa yeye.

Dhana ya tatu inafanana na hiyo, nayo ni kwamba fedha ya Serikali haidaiwi. Halmashauri zetu kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa mpango mpya, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ni vema kila mwana kikundi akumbuke maana ya jambo hilo. Kikundi kilichokula fedha kilifunga mlango kwa vikundi vilivyokuwa bado vimesimama kwenye foleni. Mkopo huu hauna riba kwa sababu ni jasho la wananchi wenzake. Anayeugeuza kuwa zawadi amefanya unyonyaji, hata kama yeye mwenyewe ni maskini.

Dhana ya nne ndiyo yenye hatari kubwa kupita zote, nayo ni ya kukopa kwingine ili kulipa kwingine. Mwananchi aliyekataliwa na benki huangukia kwa wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Hesabu yao ni nyepesi kueleza. Mtu akichukua shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akawa anaweza kulipa riba tu, baada ya miezi kumi atakuwa ametoa shilingi 300,000, na ile 100,000 ya mwanzo bado anadaiwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitungwa ili kuukomesha ukatili wa namna hiyo. Inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana. Kwa shilingi 100,000 riba hiyo ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Tofauti kati ya 3,500 na 30,000 ndiyo tofauti kati ya mkopo na kitanzi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu iliyapiga marufuku majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Aliyelipa deni la benki kwa fedha ya kausha damu hajasafisha jina. Amehamisha kidonda kutoka mguuni kwenda kifuani.

Dhana ya tano ni ya kununua usafi. Wapo vishoka wanaojigamba kwamba wana mtu wao ndani, na kwamba kwa ada fulani jina litafutwa. Jambo hilo haliwezekani kwa njia halali, na sababu yake ni rahisi. Habari iliyomo katika kumbukumbu hutoka kwa mkopeshaji. Kama ni ya kweli, hakuna mwenye mamlaka ya kuiondoa kwa sababu tu mdaiwa ametoa chochote. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba kishoka huchukua ada, huchukua namba ya kitambulisho cha Taifa, wakati mwingine huomba hata namba ya siri ya simu. Mwananchi aliyekwenda kufutiwa deni moja anaweza kurudi na madeni mawili, la pili likiwa limekopwa na mwingine kwa jina lake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kumbukumbu hazikosei. Hukosea. Katika mkoa ambao mwalimu akiita jina la Sanga, Mgaya au Mlowe darasani huweza kuitikiwa na watoto watano, si ajabu deni la mtu mmoja kuandikwa kwa mwingine. Huweza pia kutokea kwamba mtu amemaliza kulipa, lakini mkopeshaji hakupeleka habari za malipo ya mwisho. Kasoro za namna hii husahihishwa, wala hazihitaji kishoka. Mkopaji ana haki ya kuomba taarifa yake mwenyewe na kuisoma. Akiona kosa, amwandikie mkopeshaji aliyepeleka habari hiyo na kampuni iliyotoa taarifa, akiambatisha stakabadhi, ujumbe wa malipo ya simu au barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Asiposikilizwa, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamruhusu kupeleka malalamiko yake Benki Kuu, ambayo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini ina tawi Mbeya. Silaha ya mnyonge hapa ni karatasi. Anayechana stakabadhi baada ya kulipa amejinyang'anya shahidi wake.

Dhana ya sita ni kwamba mdhamini ni shahidi tu. Watu huwekeana sahihi kwa huruma, kwa undugu au kwa kuona haya, kama vile wanasaini daftari la rambirambi. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania wajibu wa mdhamini huenda sambamba na wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Katika chama cha akiba na mikopo, akiba ya mdhamini inaweza kushikwa kwa deni ambalo hakulila hata senti moja. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza jina lake na aanze kwa kuuliza: ni madeni ya nani mengine yamesimama juu ya sahihi yangu?

Dhana ya saba husema kwamba mtu akinyamaza miaka ya kutosha, deni hufa lenyewe. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 huweka miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba mahakamani. Lakini ukomo huo unazuia shauri. Haumgeuzi aliyeshindwa kulipa kuwa aliyelipa. Tena miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya pale mdaiwa anapolikiri deni kwa maandishi au anapolipa sehemu yake. Na katika miaka hiyo yote ya kujificha mtu huyo hana mkopo wa mbolea wala hana mdhamini; kila simu ngeni ikilia hushtuka. Kumbukeni kwamba miaka sita ni misimu sita ya kupanda.

Baada ya kuzivunja dhana hizo, inabaki moja ambayo huzaliwa na kukata tamaa. Nayo husema: jina limekwisha chafuka, kulipa sasa kuna faida gani? Hapa ndipo ukweli wote wa jambo hili ulipo. Kulipa hakufuti ukweli kwamba mtu alichelewa. Anayetegemea kwamba jioni ya siku aliyolipa jina litakuwa jeupe kama karatasi mpya atavunjika moyo bure. Lakini kulipa hubadilisha jambo kubwa zaidi: deni lililokuwa wazi linakuwa deni lililofungwa. Mkopeshaji anayesoma kwamba huyu alichelewa kisha akalipa, anasoma habari ya mtu aliyepata shida na hakukimbia. Mkopeshaji anayesoma kwamba huyu alichelewa na hadi leo hajalipa, anasoma habari nyingine kabisa. Kisha huja mkopo mdogo uliolipwa kwa wakati, na mwingine, na polepole habari mpya huizidi uzito habari ya zamani. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha uaminifu hujazwa kwa namna hiyo hiyo.

Njia yenyewe basi haina siri. Mwenye deni na aombe taarifa yake, ajue anadaiwa nini na nani. Kilicho kosa na akipinge kwa maandishi. Kilicho kweli na akilipe, akianza na madeni madogo yaliyosahauliwa, na kila alipolipa achukue barua ya kuthibitisha. Asiyeweza kulipa kwa mara moja na aende kwa mkopeshaji kabla siku ya rejesho haijapita, aombe marejesho yapangwe upya. Mkopeshaji humsikiliza zaidi mdaiwa aliyekuja mwenyewe kuliko yule anayetafutwa na mgambo. Na anayeanza upya asione haya kuanza chini, katika chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa au katika kikundi chenye daftari lililo wazi, ambako wenzake wanaona kila mwezi kwamba neno lake lina uzito.

Lakini haki ina pande mbili. Haifai kumhubiria mkulima uaminifu peke yake na kumwacha mkopeshaji na mlanguzi. Mkopo wa viazi unaodai marejesho kila mwezi, wakati viazi havilipi kila mwezi, umetengenezwa ushindwe. Mkataba usioandikwa kwa Kiswahili chepesi ni mtego. Mkopeshaji anayekuwa mwepesi kuandika deni na mzito kuandika malipo amemtia mwananchi doa lisilo lake. Na lumbesa, ule mfuko unaojazwa kupita kipimo huku bei ikibaki ya mfuko mmoja, imekuwa ikimnyang'anya mkulima wa viazi wa Njombe sehemu ya fedha ambayo ingelipa deni lake. Viongozi wa Chama na Serikali katika vijiji na mitaa wanaposimamia vipimo vya haki sokoni, wanasaidia kusafisha majina ya wakopaji hata bila kuingia benki.

Ndugu wananchi, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya juu ya Taifa kuweka matumaini yake katika fedha za kukopa kuliko katika kazi. Onyo hilo linamfaa pia mtu mmoja mmoja. Mkopo ni mbolea. Shamba ni kazi yenyewe. Mbolea ikizidi huunguza mmea, na ikipuuzwa huoza stoo. Mkulima wa Njombe na mfanyabiashara wa Makambako hawana upungufu wa kazi. Wanachohitaji ni kukataa uongo wa vijiweni, kutunza stakabadhi zao, na kushika lile neno ambalo wazee waliliacha bila kuhitaji kanzidata yoyote: dawa ya deni ni kulipa.